Bob Gibson Hakuwa Zimwi

Kuna kisa ambacho ukisoma makala tatu kuhusu besiboli ya Marekani ya miaka ya 1960, utakikuta katika mbili. Dusty Baker anasimulia kwamba alipokuwa kijana mgeni kwenye timu ya Atlanta Braves, mkubwa wake Hank Aaron alimpa wosia kuhusu Bob Gibson, mrushaji wa St. Louis Cardinals. Usijichimbie miguu pale unaposimama kupiga, atakurushia. Usimkodolee macho. Usimtabasamie, usimsemeshe. Ukibahatika kuupiga mpira wake ukavuka ukuta, usizunguke uwanja polepole, lakini pia usizunguke haraka. Na akikupiga mwilini, usije ukathubutu kumfuata, maana jamaa ni bondia.

Kisa kitamu, sibishi. Gibson alipofariki tarehe 2 Oktoba 2020 kilizunguka tena dunia nzima, na kila aliyekirudia alikirudia akitabasamu. Nyuma yake yakafuata yale yale tuliyoyazoea: enzi zile kulikuwa na wanaume, siku hizi warushaji wanakumbatiana na wapigaji kabla ya mechi, mchezo umelainika, hakuna tena wa kumtetemesha mtu.

Mimi nimeyachoka. Na sitaki kusema nimeyachoka kwa upole, kwa sababu haya si maneno ya wazee wa kijiweni tu. Ni fasihi nzima. Waandishi wazuri kabisa wa Marekani, watu wanaojua kupanga sentensi, wametumia zaidi ya miaka 50 kuwauzia wasomaji wao dhana kwamba warushaji wakubwa wa zamani walishinda kwa kutisha. Dhana hiyo si kweli, na ubaya wake hauishii kwenye takwimu: imewafunika watu waliovunjwa vichwa, na imemgeuza mtu mmoja mwenye akili na nidhamu ya ajabu kuwa zimwi la kuchekesha watoto.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, maelezo kidogo kwanza. Mrushaji wa besiboli husimama juu ya tuta dogo la udongo, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Anarusha mpira mgumu wa gramu kama 145, na wenye nguvu hufikisha kilomita 150 kwa saa. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua. Chini yake, pembeni, kuna kibao cheupe. Mpira ukipita juu ya kibao hicho katika kimo kinachokubalika bila kupigwa, ni kosa la mpigaji, na makosa matatu yanamtoa. Ukipita nje ya eneo hilo mara nne, anapewa kituo cha kwanza bure. Akipigwa mwilini, pia anapewa kituo bure. Mechi ina zamu 9 kwa kila timu.

Sasa ugomvi uko hapa. Mpigaji anapenda kusogea karibu na kibao ili fimbo yake ifikie mpira unaopita upande wa mbali. Mrushaji anataka arudi nyuma. Njia ya kumrudisha ni kurusha mpira wa ndani, yaani karibu na mwili wake. Hiyo ni halali, na ni sehemu ya sanaa yenyewe. Lakini kati ya mpira wa ndani unaopita mbele ya kifua na mpira unaolengwa kichwani kuna tofauti kubwa, na fasihi ninayoilalamikia inaishi kwa kuifuta tofauti hiyo.

Wahenga wa ubabe huu wanajulikana. Sal Maglie aliitwa Kinyozi, kwa jinsi mipira yake ilivyopita karibu na ndevu za watu. Early Wynn, aliyeshinda mechi 300, ilisemwa kwamba angemwangusha hata bibi yake mzaa mama kama angesogea karibu na kibao. Don Drysdale wa Dodgers, mrefu kama mlingoti, alimkuta Maglie katika timu mwaka 1956 akajifunza kwake. Kanuni yake ilikuwa wazi: mkimpiga mwenzetu mmoja, mimi nawapiga wawili. Na Gibson, ambaye waandishi wamemweka kileleni kabisa mwa orodha hii.

Haya, tuhesabu. Nachukia watu wanaojadili besiboli bila kuhesabu, maana ni mchezo ulioandikwa wote kwenye daftari.

Drysdale aliwapiga wapigaji mwilini mara 154 katika maisha yake ya ligi kuu, ndani ya zamu 3,432. Hiyo ni wastani wa mtu mmoja kila zamu 22. Misimu mitano aliongoza ligi yake kwa jambo hilo. Gibson aliwapiga 102 katika zamu 3,884, mmoja kila zamu 38. Halafu yupo Sandy Koufax, aliyecheza na Drysdale timu moja, kwenye tuta lile lile, dhidi ya wapigaji wale wale. Koufax aliwapiga watu 18 tu katika zamu 2,324. Mmoja kila zamu 129. Mwaka 1966 alirusha zamu 323, akashinda mechi 27, na hakumpiga mtu hata mmoja. Hata mmoja!

Nani alikuwa bora? Hakuna anayebishana. Koufax aliongoza ligi kwa kuruhusu pointi chache zaidi miaka mitano mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1966, akachukua tuzo ya Cy Young mara tatu. Drysdale alikuwa hodari, anastahili nafasi yake kule Cooperstown, lakini kama hofu ndiyo ingekuwa injini ya kazi hii, basi yeye angekuwa mfalme na Koufax mtumishi wake. Wapigaji walimwogopa Koufax, ndiyo. Walimwogopa kwa sababu mpira wake wa kasi ulionekana kupanda na ule wa kupinda ulianguka kama embe bivu, na hawakuweza kuupiga. Hofu hiyo inatoka kwenye ufundi. Ni tofauti na kuogopa kung'olewa meno.

Ukirudi nyuma zaidi, utamkuta Walter Johnson wa Washington, mshindi wa mechi 417, ambaye huenda ndiye mrushaji mkubwa kuliko wote. Johnson alikuwa mtu mpole aliyeogopa kwa dhati kwamba siku moja atamuua mtu kwa kasi ya mkono wake. Ty Cobb aliligundua hilo, na Cobb hakuwa na aibu: alisogea karibu na kibao kwa makusudi, akijua Johnson atarusha mbali naye. Yaani hapa mambo yalikuwa kinyume kabisa, mrushaji ndiye aliyekuwa na hofu. Na bado alishinda mechi 417, na 110 kati ya hizo wapinzani hawakupata hata pointi moja.

Sasa mfano wa upande wa pili, na huu naupenda kwa sababu ni vichekesho vitupu. Tarehe 1 Mei 1974, Dock Ellis wa Pittsburgh aliamua kwamba timu yake imekuwa na woga mno mbele ya Cincinnati, na kwamba siku hiyo atampiga kila mpigaji wa Cincinnati atakayekuja. Akaanza. Pete Rose, akampiga. Joe Morgan, akampiga. Dan Driessen, akampiga. Vituo vyote vitatu vikajaa. Wa nne, Tony Pérez, akacheza ngoma ya kukwepa mpaka akapewa kituo bure, na kwa hiyo pointi ikaingia. Wa tano, Johnny Bench, mipira miwili ikampita karibu na kichwa, kocha akatoka akamwondoa Ellis uwanjani. Hakuwa amemtoa hata mpigaji mmoja. Huo ndio ubabe ukiachwa peke yake bila ufundi: wageni kwenye vituo vyote na pointi ya bure ubaoni.

Wapigaji wakubwa nao hawakuwa watu wa kutishika. Frank Robinson alipigwa mwilini mara 198 katika maisha yake yote ya uchezaji. Alijibanza juu ya kibao kana kwamba ni dirisha la duka. Wakimwangusha, aliinuka, akajipangusa, akaupiga mpira unaofuata mpaka kwa mashabiki. Inasimuliwa kwamba Gene Mauch, kocha wa Philadelphia, alifika mahali akatangaza faini kwa mrushaji wake yeyote atakayemwangusha Robinson, kwa sababu alichoka kuona matokeo yake. Robinson alimaliza na mipira 586 iliyovuka ukuta.

Watetezi wa ubabe hapo hukimbilia 1968. Ndiyo ngome yao. Mwaka ule Gibson aliruhusu wastani wa pointi 1.12 kwa kila zamu 9, na hakuna aliyeshuka hapo tangu wakati huo. Alianza mechi 34, akazimaliza 28 mwenyewe bila kupokewa. Mechi 13 alishinda bila wapinzani kupata pointi, na mwezi Juni peke yake alifanya hivyo mara tano mfululizo. Drysdale naye mwaka ule ule alirusha zamu 58 na theluthi mbili mfululizo bila kuruhusu pointi. Wanasema, unaona? Hofu hiyo!

Hapana bwana. Mwaka 1968 warushaji 7 wa ligi kuu walimaliza chini ya wastani wa 2.00, na mmoja wao alikuwa Tommy John, kijana ambaye hakuna aliyemwota usiku akaamka akitokwa jasho. Ligi nzima, kati ya kila majaribio 1,000, wapigaji walifanikiwa mara 237 tu, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia. Bingwa wa upigaji wa American League, Carl Yastrzemski, alichukua taji kwa .301, ambayo miaka mingine isingemfikisha hata kumi bora. Watu wote walikuwa wameshindwa kupiga, mbele ya warushaji wakali na wapole vilevile. Sababu zinajulikana: mwaka 1963 wakubwa wa mchezo walipanua eneo halali la mpira, na tuta la mrushaji lilikuwa na kimo cha inchi 15, karibu sentimita 38, yaani mrushaji alikuwa anateremka kuelekea kwa mpigaji. Kwa hiyo msimu wa 1969 wakapunguza tuta hadi inchi 10 na kulibana tena eneo. Kama tatizo lingekuwa hofu, wangeweka adhabu dhidi ya hofu. Walichukua sepetu.

Na Gibson, juu ya tuta lililokatwa, alifanya nini? Alishinda mechi 20 mwaka 1969, akawatoa watu 269 kwa makosa matatu, mmoja zaidi ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1970 alishinda 23, akapewa tuzo ya Cy Young kwa mara ya pili. Mtu huyu alikuwa na mpira wa kasi wa aina mbili na mpira wa kupinda wa ghafla ambao wapigaji waliuona umechelewa. Alijua kuudaka mpira kuliko mrushaji yeyote wa zama zake: alitwaa tuzo ya ulinzi miaka 9 mfululizo. Alipiga vizuri pia. Alifanya kazi haraka, hakupenda mdakaji wake atembee mpaka kwenye tuta kumshauri. Tim McCarver amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akirudishwa nyuma kwa kejeli. Haya yote ni ufundi na bidii. Lakini jaribu kumuuliza shabiki yeyote neno la kwanza linalomjia akisikia Gibson. Hatakwambia ulinzi.

Atakwambia macho. Yale macho! Gibson akiinama mbele kumwangalia mdakaji wake, uso umekunjwa, wapigaji waliona mauti. Na maelezo yake mwenyewe yalikuwa nini? Kwamba hakuwa akiona vizuri. Nje ya uwanja alivaa miwani, ndani ya uwanja hakuvaa, na ilimbidi akaze macho ili azisome ishara za vidole za mdakaji. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa jibu la kila kitu, maana Gibson alikuwa mkali kweli na alijua faida ya ukali wake. Lakini hebu fikiria: mtu anakodoa macho kwa sababu haoni mbali, na waandishi wanajenga juu yake kanisa zima.

Hapa ndipo rangi inapoingia, na fasihi ya ubabe huwa inapita hapa kwa vidole vya miguu.

Gibson alizaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1935. Baba yake alikuwa ameshafariki kabla hajazaliwa, na kaka yake Josh ndiye aliyemfundisha michezo. Alikuwa hodari wa mpira wa kikapu, lakini Chuo Kikuu cha Indiana kilimkataa kwa maelezo kwamba kilishajaza idadi yake ya wachezaji weusi. Akaenda Creighton. Mwaka 1957 alicheza besiboli ya kulipwa katika ligi ya chini huko Columbus, Georgia, kusini kabisa, katika miaka ambayo mtu mweusi hakulala hoteli moja na wenzake wa timu. Alipofika St. Louis, meneja Solly Hemus alimdharau yeye na Curt Flood kiasi kwamba wote wawili walilisema hadharani baadaye. David Halberstam amelieleza vizuri katika October 1964. Hemus alipofukuzwa Julai 1961 na Johnny Keane akachukua nafasi, Gibson alipewa mpira na kuachwa afanye kazi, na hapo ndipo tukaanza kumjua.

Halafu 1968 yenyewe. Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, msimu ukiwa haujaanza. Robert Kennedy akauawa Juni. Miji inawaka moto. Mtu mweusi anasimama katikati ya uwanja wa St. Louis, hacheki, hamchekei mtu, anafanya kazi yake kwa hasira iliyodhibitiwa. Na kizazi kizima cha waandishi, karibu wote weupe, wanaandika kwamba anatisha. Anatisha! Mzungu kama Drysdale, ambaye takwimu zinasema aliwapiga watu karibu mara mbili ya Gibson ukilinganisha zamu, mtaani wanamkumbuka kama kijana mrefu mzuri wa California aliyeonekana kwenye televisheni na kuishia kuwa mtangazaji. Gibson ndiye amebaki kuwa wa kuogofya. Roger Angell, katika makala yake ndefu kuhusu Gibson kwenye The New Yorker mwaka 1980, alikuwa mmoja wa wachache waliosafiri mpaka Omaha na kumkuta mtu, siyo kinyago. Gibson mwenyewe alikiita kitabu chake cha 1994 Stranger to the Game, mgeni katika mchezo. Kichwa hicho hakikuhitaji maelezo: mrushaji wa kiwango chake alihangaika kupata kazi ya ukocha, na aliyempa nafasi ni rafiki yake Joe Torre. Ukishamwita mtu zimwi miaka 15, nani atamwajiri azimwi vijana?

Wale wanaosifu mipira ya kichwani wangefanya vizuri pia kukumbuka vichwa ilivyoelekezwa. Jackie Robinson, mwaka wake wa kwanza 1947, alipigwa mara 9. Minnie Miñoso, Mcuba mweusi wa Chicago, misimu 10 ndiye aliyeongoza American League kwa kupigwa, na Mei 1955 mpira wa Bob Grim ulimpasua mfupa wa fuvu. Alijibanza karibu na kibao, ni kweli. Lakini wachezaji weusi wa kizazi kile walijua vizuri ni mipira ipi ilikuwa mbinu na ipi ilikuwa salamu. Gibson aliwaona kaka zake wakipokea salamu hizo kabla yeye hajapata mpira mkononi. Mtu akitaka kuelewa kwa nini hakuwa na haja ya urafiki na wapigaji, aanzie hapo.

Na waliokufa? Aliyekufa uwanjani ligi kuu ni mmoja, Ray Chapman wa Cleveland. Tarehe 16 Agosti 1920, New York, mpira wa Carl Mays ulimpiga upande wa kichwa. Mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Mays alidhani mpira umegonga fimbo. Aliuokota ulipomrudia akautupa kituo cha kwanza, ili amtoe mtu ambaye alikuwa anaanguka. Chapman alifariki alfajiri ya siku iliyofuata, umri miaka 29, mkewe akiwa mjamzito. Mays alisema hakukusudia, na sina sababu ya kumbishia. Alishinda mechi zaidi ya 200 na hajaingizwa Cooperstown hadi leo. Angalau katika kesi yake mchezo uliona aibu. Aibu hiyo ilikwisha haraka sana, maana sheria ya kumlazimisha kila mchezaji mpya wa ligi kuu kuvaa helmeti ilikuja 1971, na ile ya helmeti yenye kufunika sikio 1983.

Kati ya hapo kuna Tony Conigliaro. Mtoto wa Boston, akichezea Boston, mwenye sura ya mwigizaji na sauti ya kutosha kurekodi santuri. Akiwa na miaka 20 aliongoza American League kwa mipira iliyovuka ukuta, 32, na hakuna kijana kuliko yeye aliyewahi kufanya hivyo katika ligi ile. Tarehe 18 Agosti 1967 mpira wa Jack Hamilton wa California ulimpiga usoni. Mfupa wa shavu ulivunjika, jicho la kushoto likaharibika nyuma kwenye retina. Helmeti yake haikuwa na kifuniko cha upande. Alikosa msimu wote wa 1968, ndiyo, huo huo mwaka wa warushaji ambao tunaimbiwa. Alirudi 1969, mwaka 1970 akapiga 36, kisha jicho likamsaliti. Alifariki 1990 akiwa na miaka 45. Hamilton naye alisisitiza maisha yake yote kwamba hakumlenga. Pengine ni kweli. Lakini katika mchezo ambapo kila mtu amefundishwa kwamba kurusha karibu na kichwa ni ujanadume, kukusudia kunahusu nini hasa? Mpira haukumuuliza.

Hofu haibaki mikononi mwa mrushaji, vilevile. Tarehe 22 Agosti 1965, San Francisco, Juan Marichal aliwaangusha wapigaji wawili wa Dodgers. Koufax, yule yule mtakatifu wangu wa takwimu, akajibu kwa mpira juu ya kichwa cha Willie Mays. Marichal alipokuja kupiga, mdakaji John Roseboro akaurudisha mpira kwa Koufax ukipita karibu na sikio la Marichal. Marichal akageuka na fimbo, akampiga Roseboro kichwani. Nyuzi 14. Waandishi wa ubabe hukiita kisa hiki bahati mbaya, tofauti na desturi. Mimi sioni tofauti. Kila mmoja pale alifuata kanuni alizofundishwa, hatua kwa hatua, mpaka damu ikashuka. Roseboro na Marichal walipatana baadaye wakawa marafiki, na heshima yote ya kisa hicho ni yao wawili.

Najua jibu litakalokuja. Kwamba mimi nataka mrushaji apokonywe upande wa ndani, wapigaji walale juu ya kibao wakicheka. Sitaki hivyo. Mpira wa ndani ni haki yake. Gibson alimpiga kiwikoni Bill White, rafiki yake wa miaka mingi, mara tu White alipohamia Philadelphia na kuinama kuufuata mpira wa mbali. Visa kama hivyo havinisumbui: ni mpaka wa shamba, kila mmoja anaujua, na ulikuwa mkono, siyo kichwa. Urafiki wao ulidumu.

Kinachonisumbua ni huu uongo kwamba siku hizi hakuna anayerusha ndani. Wapigaji wa leo wanapigwa mwilini mara nyingi zaidi kwa kila mechi kuliko wale wa miaka ya 1960, tena kwa mipira yenye kasi kubwa zaidi. Wanaolilia zamani hawalilii mpira wa ndani, maana huo upo tele. Wanalilia mtu wa kuwaogopesha wengine kwa niaba yao, wakiwa wamekaa kwenye kochi.

Turudi kwenye mechi ambayo kila mtu huitaja na wachache huiangalia kwa makini. Tarehe 2 Oktoba 1968, St. Louis, mechi ya kwanza ya World Series dhidi ya Detroit. Zamu ya tisa Gibson anamtoa Al Kaline, wa 15, analingana na rekodi ya Koufax ya 1963. Uwanja unapiga kelele. McCarver anasimama na mpira mkononi, anamwonyesha ubao wa matokeo nyuma yake. Gibson hajui kinachoendelea. Anamfokea amrudishie mpira, kuna kazi. Akageuka hatimaye, akaona, akagusa kofia kama mtu anayepokea risiti. Norm Cash, wa 16. Kisha Willie Horton, jitu la mabega mapana, kijana wa mitaa ya Detroit. Mpira wa mwisho ulikuja moja kwa moja kwenye mbavu zake. Horton akaruka nyuma. Mpira ukapinda, ukapita juu ya kibao. Kosa la tatu, wa 17, rekodi ambayo bado ipo. Wengi husema pale Horton aliogopa. Ni kweli aliogopa. Alidanganywa na kidole na kifundo cha mkono, na mpira haukumgusa hata nguo.

Siku nane baadaye, mechi ya saba, mrushaji ni yule yule, uso ule ule, uwanja ule ule. Upande wa pili alisimama Mickey Lolich, mtu mwenye kitambi na mapenzi ya pikipiki, aliyekuwa amepumzika siku mbili tu. Zamu ya saba, wawili wameshatoka, hakuna pointi kwa yeyote. Cash akapiga, akafika. Akaja Horton. Safari hii hakuruka nyuma, alipiga, akafika. Jim Northrup akautuma mpira katikati ya uwanja, Curt Flood akapiga hatua mbele kabla ya kugundua kwamba ulikuwa unampita juu, na wawili wakaingia. Detroit ilishinda 4 kwa 1.